Mnaomcheka Mzee Majuto, njooni Babati

Najua nimepotea wiki tatu, msinilaumu. Niko BTP huku Babati na maandalio ya somo yananitoa roho. Ila leo nimeudhika, acha niandike kwanza, madaftari ya Form Two yatasubiri.

Juzi tunakunywa chai, mwenzangu mmoja wa chuo (simtaji, akisoma atajijua) kasikia jana yake nilikuwa kibanda umiza naangalia komedi ya Mzee Majuto. Kacheka mpaka chai ikampalia. "Ticha mzima unaangalia takataka zile? Kamera inatikisika, majambazi wanavaa miwani ya jua usiku!" Na huyo huyo kila usiku yuko na laptop anakodolea sinema za magenge ya Kijapani, eti hiyo ndiyo sanaa.

Haya, tuongee Ujapani basi. Mwaka 1989 kampuni ya Toei ilianza kutoa filamu za bei chee zinazokwenda moja kwa moja kwenye kanda za video, bila kupita majumba ya sinema. Wakaziita V-Cinema. Majambazi, vichekesho, bajeti ya kubana. Takashi Miike katokea humo humo, na mwaka 2007 Tarantino mwenyewe kacheza kwenye filamu yake, Sukiyaki Western Django. Za kwetu zimepita njia ile ile, kutoka kamera mpaka CD mpaka sebuleni kwa shangazi yako, hizo ndizo takataka. Kwa nini? Kwa sababu jambazi wetu anaongea Kiswahili cha Tanga?

Mapungufu yapo, sikatai. Sauti inamezwa na upepo, na Part 1 inakatika pale pale utamu unapoanza ili ununue Part 2. Lakini jiulize imekuwaje. Watayarishaji wengi waliuza masta kwa msambazaji mara moja, kwa bei ya mkupuo, basi. CD ziuzike elfu moja au laki moja, wao hawaongezewi hata mia. Wewe ungehangaika mwezi mzima kutafuta taa nzuri? Ungepiga picha siku chache kwenye nyumba ya rafiki, mengine waigizaji wajaze wenyewe papo kwa papo. Na hapo ndipo Mzee Majuto alipokuwa hashikiki. Anatulia tu, anamwangalia mtu, ukumbi mzima hoi!

Halafu 2018 mzee akaugua. Amri Athumani, mtu aliyechekesha nchi nzima, ikabidi watu wamchangie matibabu. Akapelekwa India, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Suala la mikataba yake lilifika mpaka kwa waziri. Siku zile kila mtu alikuwa analia, hata hawa wanaosema takataka. Kununua CD halisi yenye stempu ya TRA, wangapi walinunua?

Na mimi msinione mtakatifu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na flashi imejaa komedi zake, zote za kukopi, na nilizigawa hosteli nzima. Boom likitoka nilikuwa nanunua chipsi kuku. CD yake? Sijawahi. Kwa hiyo hasira hii nusu yake ni yangu mwenyewe.

Turudi kibandani. Kiingilio mia tatu, mabenchi ya mbao, bodaboda wameegesha nje. Mbele yangu kakaa mzee mmoja wa Kigorowa, kaja na mjukuu wake, maneno mengine mtoto anamwelezea sikioni. Majuto kaingia na shuka lake, hajasema neno, mzee kashaanza kucheka, fimbo ikamdondoka. Mimi nafundishwa chuoni miaka mitatu namna ya kumshika mwanafunzi asisinzie dakika arobaini, na Form Two wangu bado wanasinzia.

Jumamosi naenda tena. Yule mwenzangu kasema atakuja "kufanya utafiti." Kiingilio atajilipia.