Nyumba Aliyokulia Muhammad Ali



Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, upande wa magharibi ambako wengi wa wakazi ni watu weusi, iko nyumba ndogo katika barabara ya Grand Avenue, nambari 3302. Ina vyumba viwili vya kulala, na imepakwa rangi ya waridi. Humo ndimo alimokulia bondia Muhammad Ali, Mwenyezi Mungu amrehemu, zama zile akiitwa Cassius Clay. Mwezi Mei 2016 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na kiasi cha mwezi mmoja baadaye, tarehe 3 Juni, mwenyewe akafariki.

Mji huohuo una jumba kubwa lenye jina lake tangu mwaka 2005, na mwenye kutaka habari za ushindi na mataji atazipata kule. Nyumba hii ndogo ilikuwa na kazi nyingine. Walioitengeneza waliirudisha ilivyokuwa katika miaka ya hamsini, wakisaidiwa na kumbukumbu za nduguye mdogo, Rahaman. Wageni walipokewa katika nyumba ya jirani, kisha wakaingia kuona sebule, jiko na chumba cha watoto, pamoja na samani za zama zile. Rahaman amesimulia kwamba kaka yake alikuwa akimtaka amrushie mawe ili ajifunze kukwepa. Tena kutoka nyumba hiyo ndipo alipotoka mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 12, na baiskeli yake nyekundu ikaibwa mjini. Alipokwenda kulalamika kwa polisi aliyekuwa akifundisha ndondi, ndipo safari yote ilipoanza.

Lakini sisi wanaotuvutia zaidi ni wenye nyumba. Mama yake, Bi Odessa, alikuwa akipika na kusafisha katika nyumba za Wazungu. Baba yake alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, na mara nyingine akichora picha katika kuta za makanisa. Mama akiwapeleka wanawe kanisani. Nyumba hii, basi, ilikuwa nyumba ya Wakristo, na malezi yaliyomjenga kijana yule yalitoka mikononi mwa Wakristo.

Mwaka 1964 alipotangaza dini yake na kulikataa jina la Clay kuwa ni jina la utumwa, baba yake, ambaye jina hilo ni lake pia, hakufurahi, na alisema hivyo hadharani. (Kundi aliloanza nalo lilikuwa na itikadi tusizoziafiki, alihiji mwaka 1972, na mwaka 1975 akaingia katika njia ya Ahlu Sunna.) Lau angetaka kuwakata wazazi wake, sababu asingeikosa. Hakuwakata. Waliendelea kuhudhuria mapigano yake, naye akawanunulia nyumba bora kuliko ile. Baba alifariki mwaka 1990, mama mwaka 1994, na mtoto wao hakuwa amewapa kisogo. Na yeye alipofariki, akaswaliwa tarehe 9 Juni, na kesho yake msafara wa jeneza ukapitishwa mbele ya nyumba ile ya waridi, watu wakirusha maua.

Tumeitaja nyumba hii kwa sababu ya swali linalotujia mara kwa mara kutoka kwa dada zetu waliosilimu na kuolewa hapa pwani. Mmoja huambiwa na watu wa mumewe kwamba kwao bara si kwao tena. Mwingine mama yake ni mgonjwa na haruhusiwi kwenda kumuuguza. Watoto hukua hawamjui nyanya yao ila kwa jina. Tunasema waziwazi: hii ni dhulma, na haina msingi katika dini. Bibi Asma binti Abubakar, radhi za Allah zimshukie, alijiwa na mama yake ambaye bado hakuwa amesilimu, akamuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, naye akamwamuru aunge udugu naye. Na Sura Luqman, aya ya 15, inatukataza kuwatii wazazi katika shirki, na papo hapo inatuamrisha tukae nao kwa wema. Mume anayeisoma nusu ya kwanza na kuiruka ya pili airudie.

Ama chakula, beba sufuria yako. Mama atakucheka kidogo, kisha atakutilia kuni.

Tunajua watakaouliza vipi tumtaje bondia, na hali Baraza la Fiqhi la Makka liliharamisha ndondi mwaka 1987. Hatukuisifu ndondi.

Makumbusho yale yalikosa fedha, yakafungwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na mwaka 2024 nyumba ilitangazwa kuuzwa pamoja na mbili za jirani. Wenye kuiuza walitamani apatikane mnunuzi atakayeifungua tena. Kwa dada zetu, nyumba za mama zenu bado zina watu ndani yake. Shule zifungapo, wachukueni watoto mwende, na waume zenu wawalipie nauli.