Minyoo wameniahirishia harusi!

Wiki hii sina stori za disko, wapenzi wasomaji. Nina msiba. Mwaka jana mtoto wa mjini nilipata akili ya ghafla: hela ya harusi nisiiweke benki, niifuge! Nikamtumia mjomba kule Longido, tukanunua kondoo 12 aina ya Dorper, weupe vichwa vyeusi, wanene kama mabosi. Mjomba alinishauri nichukue wekundu wa Kimaasai. Nikaona ushamba.

Kiangazi kikawa kikali, hakuna jani bichi. Mjomba akapiga simu, "Mjomba, tuma hela ya dawa ya minyoo kabla ya mvua." Nilicheka! Jua lile, mnyoo gani ataishi? Nikajua mzee anatafuta hela ya ugoro.

Kumbe jua huua vitoto vya minyoo walioko malishoni tu. Wenzao wamejibanza kwenye ukuta wa tumbo la nne la kondoo, wameacha kukua, wamelala fofofo wakisubiri masika. Mvua ikapiga, wakaamka. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku! Yanatoka na kinyesi, joto na unyevu vinayaangua, vitoto vinapanda majani, kondoo anakula. Wiki tatu hivi, nao wanataga. Minyoo 1,000 hunyonya kama mililita 50 za damu kila siku.

Nilipofika, saba walishakufa. Waliobaki wamevimba chini ya taya kama wamemeza chungwa. Mjomba akafunua kope la mmoja: ndani peupe kama karatasi.

Na wekundu wake? Wanatafuna tu, bwana! Minyoo wanao, ila miili yao inawabana. Wataalamu waliwapambanisha na Dorper kule Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990, na wekundu ndio waliostahimili. Penye ukavu Dorper anatamba kwa unene. Unyevu ukizidi anaumbuka.

Dawa alinunua mjomba mwenyewe, deni akalikata kwa kondoo mmoja. Wamebaki wanne. Mchumba nimemwambia harusi imesogezwa mbele kidogo kwa sababu ya minyoo. Akaniuliza nimeshapima choo.