Patasi bila jiwe la kunolea ni mzigo

Leo tunaongea juu ya kitu kidogo: makali ya patasi. Kuna mtu atacheka. Lakini sisi tunaojitolea kambini tumeona hicho kitu kidogo kikirudisha vijana nyumbani mikono mitupu, na cheti kiko ukutani.

Ukitoka Kasese kuja Bwera mpaka pale Mpondwe, utaona mafundi wanaokereza miguu ya vitanda. Kazi hiyo nasi tunaruhusiwa, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Basi wenzetu wakaona vipande vya mwembe na mfenesi vinaishia jikoni kama kuni, wakasema: hivi ni mabakuli, tuvikereze tuuze siku ya soko. Wazo zuri kabisa.

Shida ilianzia kwenye sanduku la vifaa walilopewa baada ya mafunzo. Ndani mlikuwa na patasi moja tu ya mfereji, pana, ya kupunguzia miguu ya vitanda. Mwenzetu akaitumia kwenye bakuli. Ikanaswa, ikakatika pale inapoingia kwenye mpini, kipande cha chuma kikapita karibu na sikio lake. Tulinyamaza wote. Tangu siku ile hajagusa mashine.

Kosa halikuwa lake. Kwenye mguu wa kitanda, nyuzi za mti zinalala kwa urefu, patasi inazifuata kwa upole. Kwenye bakuli nyuzi zimekaa kwa kukingama, kwa hiyo kila mzunguko mmoja patasi inagonga vichwa vya nyuzi mara mbili. Ile patasi pana imekunjwa kutoka bapa la chuma na mkia wake ni mwembamba, hauwezi kubeba kishindo hicho. Ya bakuli ni nondo nene ya mviringo, imechimbwa mfereji wa kina, na inaingia kwenye mpini na unene wake wote. Kwa hiyo ukienda kununua, angalia mkia kwanza, ndipo uulize bei.

Halafu chuma chenyewe. Kuna patasi zinazochongwa kutoka nondo ya kujengea nyumba, zinapakwa rangi zinang'aa. Hizo makali yake yanakufa kabla bakuli halijapata umbo. Pima kwa tupa: ikiuma na kula chuma kirahisi, ni laini, iache. Ikiteleza, hicho ni kigumu. Springi ya gari kuukuu ikifuliwa vizuri na mhunzi inafaa, ila inaogopa moto. Ukiinoa kwenye mashine ikageuka bluu, ugumu umekwenda, kwa hiyo ichovye kwenye maji mara kwa mara. Ile iliyoandikwa HSS inavumilia joto na inakaa na makali muda mrefu zaidi, ila bei yake ni ya juu.

Sasa kunoa. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Tunasukuma patasi kwenye jiwe kwa nguvu, tunaondoa chuma cha mwezi mzima kwa dakika moja. Njia tuliyofundishwa na mzee mmoja fundi hapa Bwera ni hii: paka wino wa kalamu nzito kwenye mteremko wa makali. Gusisha kwenye jiwe kidogo tu, uangalie. Wino umetoka wapi? Ukitoka nyuma peke yake, makali hayajaguswa. Ukitoka kwenye ncha peke yake, umesimamisha patasi mno. Ukitoka wote, uko sawa, zungusha mkono polepole toka bawa moja hadi jingine bila kusimama. Mteremko wa nyuzi 45 hivi unatosha kwa mwanzo. Bakuli likiwa refu, kwa ajili ya kitako cha ndani unahitaji butu zaidi, karibu nyuzi 60, la sivyo mpini utagonga ukingo.

Na ukikata, laza kwanza mgongo wa mteremko kwenye mti, ndipo uinue mpini taratibu mpaka makali yaanze kula. Ukianza na ncha, utanaswa.

Tunajua maneno yanayosemwa ofisini: vijana wanapewa vifaa, kesho wanaviuza. Ni kweli, wengine wameuza, hatuwatetei wote. Lakini tumewauliza baadhi yao. Patasi ilikuwa butu, jiwe hakuna, na wa kumfundisha kunoa hakuna. Chombo kisichokata kitakaa nyumbani kufanya nini, na watoto wanataka unga?

Kwa hiyo ombi letu si kubwa. Kabla ya kununua masanduku mia moja, muulizeni fundi mmoja anayefanya kazi hiyo kila siku. Kila sanduku liwe na jiwe. Wiki ya kwanza ya mafunzo iwe ya kunoa tu, hata kama kwenye picha ya ripoti haipendezi. Na kama pesa ni kidogo, afadhali vijana kumi wenye patasi sahihi kuliko ishirini wenye mzigo.

Na sisi vijana, tuache aibu ya kusimama kwenye jiwe. Wengine wanaona kunoa ni kupoteza saa, wanataka bakuli haraka. Wazee walisema kinolewacho hupata. Ukiwa na patasi butu hapo Bwera na unasoma haya, njoo nayo. Jiwe tulilonalo ni moja, lakini tutapokezana.