Wanasayansi wa Ughaibuni, Tuanze na Mwalimu wa Shule ya Kata



Kila tunapokutana, iwe London, Muscat au Houston, mazungumzo huishia kwenye uraia pacha. Ni hoja ya haki na tuendelee nayo. Lakini liko jambo lisilohitaji pasipoti wala kibali cha waziri, nalo tunalifanya nusunusu: kuwasaidia vijana wa shule za kata wasome sayansi. Miongoni mwetu wamo wahandisi, wafamasia, madaktari na watafiti. Wengi tulisomeshwa kwa kodi ya mkulima ambaye mjukuu wake leo yuko katika shule hizo.

Tukumbuke zilivyoanza. Chini ya mpango wa MMES, kuanzia 2004, wananchi walichangishwa na madarasa yakajengwa kata kwa kata. Walimu wa fizikia na hesabu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Maabara ndiyo kabisa, hadi 2012 Rais Kikwete akaagiza kila shule ijengewe vyumba vitatu: fizikia, kemia na baiolojia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya.

Sisi wa nje mchango tunaoupenda ni kontena. Tunachanga, tunajaza kompyuta zilizochoka, picha zinapigwa, basi. Ni wangapi tulimwuliza kwanza mwalimu anahitaji nini? Huenda angetaja bureti mbili, asidi ya majaribio inayokwisha kila mwaka, au mtu wa kumwuliza swali lililomshinda.

Hapa kuna fundisho la Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa moto umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, alichekwa. Kisha Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaenda shuleni hapo kuzungumza. Kijana akauliza tena, wenzake wakazomea, lakini mgeni alirudi Dar na kuagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo, na dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Osborne hakuleta kontena. Alimsikiliza mwanafunzi, akalipima swali lake. Hilo tunaliweza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mmoja achague shule moja na mwalimu mmoja, amfuate kwa miaka minne, kidato cha kwanza hadi cha nne. Simu ipo, na Muscat na Dar zimepishana saa moja tu. Pili, kabla ya kutuma chochote, mwalimu aandike orodha, nasi tuifuate. Uzi, jiwe, rula na saa vinatosha kupima mvutano wa dunia. Tusinunue mitambo ya kujionyesha. Tatu, tueleze sayansi kwa Kiswahili. Kani aliyoielewa mtoto shule ya msingi inageuka kitendawili sekondari kwa kuwa imebadilishiwa jina. Sisi tunaojua lugha zote mbili ndio wa kumvusha.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, na tuidai bila kuchoka. Ila mtoto wa kidato cha pili hawezi kusubiri bajeti ijayo. Miaka yake minne ikipita, haimrudii. Akipata sifuri kwa kukosa mtu wa kumjibu, hasara ni yake na ni yetu.

Naomba kutoa hoja.