Usimnunulie mtoto nembo, mwache aichore

Leo nitaanza kwa kuungama. Muhula uliopita mpwa wangu wa gredi ya sita, ambaye ninaishi naye hapa Nairobi, alinijia saa tatu usiku wa Jumapili, sare zikiwa zimekwisha kupigwa pasi. Mwalimu alitaka nembo ya taifa iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, na aliitaka kesho yake asubuhi. Kama wewe ni mzazi, unaujua usiku wa namna hiyo. Sikuuliza maswali. Niliteremka hadi duka la kompyuta lililo chini ya jengo letu, nikatoa shilingi hamsini, na muda si muda nikarudi na picha yenye rangi zake zote. Kijana akaibandika kwenye manila, tukalala.

Jumatatu jioni alirudi na picha ile mkononi. Mwalimu hakumkaripia. Alimwuliza swali moja tu mbele ya darasa: huyu jogoo aliye katikati ya ngao ameshika nini, na kwa nini? Mtoto alinyamaza. Sasa alikuwa ananiuliza mimi: "Shangazi, jogoo ameshika nini?" Nami, mwenye stashahada ya uandishi na ambaye nembo hiyo imo kwenye mkoba wangu kila siku, nikanyamaza pia.

Ameshika shoka. Tulitoa sarafu ya shilingi ishirini, tukaisogeza karibu na taa, tukamwona. Jogoo anasonga mbele na shoka lake, ishara ya mamlaka, ya bidii ya kazi na ya mapambazuko mapya. Jogoo alikuwa pia nembo ya chama cha KANU, kilichotwaa serikali mwaka wa 1963. Hata rangi za bendera yetu, nyeusi, nyekundu na kijani, zilitoka kwenye bendera ya chama hicho. Mistari myeupe, ishara ya amani, iliongezwa baadaye. Kumbe bendera haikushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa, wakajadiliana, wakachagua hiki na kuacha kile.

Hapo, msomaji wangu, ndipo lilipo kosa letu sisi wazazi, na la walimu wengi pia. Tunawafundisha watoto alama za taifa kama tunavyowafundisha jedwali la kuzidisha. Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, haya, funga daftari. Mtoto anapata alama zote, wala hajajiuliza ni nani aliyeamua na kwa nini.

Mwalimu wa mpwa wangu hakuridhika na hayo. Aliwagawa wanafunzi katika makundi ya watano watano, akawapa wiki mbili. Wiki ya kwanza wachunguze alama za Kenya. Wiki ya pili walifanye darasa lao kuwa nchi inayozaliwa leo, waitungie nembo, kisha waje waitetee mbele ya wenzao.

Uchunguzi ulianzia mfukoni. Mzee mmoja katika jengo letu aliwapa sarafu ya zamani ya shilingi kumi yenye sura ya Rais Moi. Waliiweka kando ya sarafu mpya iliyotolewa mwaka wa 2018, yenye simba. Nembo ya taifa imo kwenye zote mbili, lakini sura ya rais imetoweka. Kwa nini? Walitafuta hadi wakafika kwenye Katiba ya 2010, inayokataza noti na sarafu zetu kubeba picha ya mtu yeyote binafsi. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 9, inataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa umma. Watoto wa miaka kumi na mmoja walikuwa wakisoma katiba kwa sababu ya sarafu. Nilishangaa.

Kisha ikaja Jumamosi ya kuchora, kundi zima likiwa sebuleni mwangu. Mmoja alitaka majani ya chai kwa sababu nyanya yake yuko Kericho. Mwingine alitaka samaki. Kwao ni Homa Bay. Mpwa wangu alitaka mpira. Msichana ambaye wazazi wake wanatoka Wajir alikuwa amekwisha kuchora ngamia, tena ngamia mzuri. Mmoja wao akasema, bila ubaya wowote bali kama mtoto anavyosema, "Ngamia si wa Kenya. Hayuko hata kwenye nembo."

Msichana akaiweka kalamu yake chini.

Nilikimbilia nembo ili nimwonyeshe yule mwenzake kwamba amekosea. Chini ya ngao, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuna kahawa, chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. Nilitafuta ngamia. Hayupo. Samaki pia hayupo, wala mnazi wa Pwani. Nilikuwa nimeitazama picha ile maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuona ni nani asiyekuwamo.

Ungemwambia nini mtoto huyo, msomaji? Mimi sikutaka kumdanganya. Nilimwambia ni kweli, ngamia hayupo, lakini si kweli kwamba si wa Kenya. Kisha nikawaeleza habari za wimbo wetu wa taifa. Mwaka wa 1963 jopo la wanamuziki watano lilipewa kazi ya kuutayarisha. Hawakuchukua wimbo wa kabila kubwa. Walichukua bembelezi ya Wapokomo, wimbo ambao akina mama wa kando ya Mto Tana waliwaimbia watoto wao wapate usingizi. Jamii ndogo, ambayo Wakenya wengi hawangeweza kukuonyesha iliko kwenye ramani, ndiyo iliyotupa sauti tunayosimama wima kuisikiliza. Msichana aliuliza Tana ni mbali na kwao kiasi gani. Tukafungua ramani.

Jingine lililowasaidia lilitoka Nigeria. Mwaka wa 1959 mwanafunzi wa Nigeria aliyekuwa akisoma London, Michael Taiwo Akinkunmi, alisikia kwamba nchi yake inatafuta bendera, akapeleka mchoro wake. Aliweka kijani kwa ardhi na nyeupe kwa amani, na jua likiwaka katikati. Waamuzi waliupenda, lakini wakaliondoa lile jua. Bendera iliyobaki ilipandishwa siku ya uhuru, tarehe 1 Oktoba 1960, na inapepea hadi leo. Mwanafunzi tu, tena hakuwa na cheo chochote serikalini!

Habari ya jua kuondolewa iliwakaa kichwani. Walirudi mezani wakaanza, si kuongeza, bali kutoa. Chai ikatoka, samaki akatoka, mpira ukatoka baada ya kilio kidogo, na ngamia naye akatoka, safari hii kwa mkono wa mwenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa ametoa chake. Wakaulizana: ni kitu gani hapa shuleni ambacho ni chetu sote? Walichora benchi la chini ya mti, wanapokula chakula cha mchana, benchi la watoto wanne ambalo hukaliwa na saba. Kwa wito hawakutaka kuiga Harambee. Waliandika neno moja: SOGEA.

Mwalimu alicheka, kisha akawaomba waitetee. Yule msichana wa Wajir ndiye aliyesimama. Alisema kwamba kwenye benchi lile hakuna anayeulizwa anatoka wapi, anaambiwa tu asogee ili mwingine apate nafasi. Sidhani kama mimi ningeandika insha bora kuliko hiyo kuhusu umoja wa taifa. Na sisi tunaoikumbuka nchi yetu ya mwanzoni mwa mwaka wa 2008, majirani walipoulizana wanatoka wapi kabla ya kuchomeana nyumba, tunajua kwamba huo si mchezo wa watoto.

Basi wewe mzazi, na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, nawaomba mjaribu. Mwalimu asipoitoa kazi hiyo, itoeni wenyewe nyumbani. Anzeni na sarafu, jalada la pasipoti au bendera ya shule. Mtoto aandike kila anachokiona, kisha kando yake aandike swali: nani aliamua, lini, na ni nini ambacho hakimo? Amwulize nyanya au babu anakumbuka nini kuhusu Desemba ya 1963. Wazee hawa hawatakuwa nasi milele. Wakazi wa Nairobi wanaweza kwenda kwenye jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue.

Tazameni pia nembo ya kaunti yenu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inazitaka kaunti ziwe na bendera, nembo na muhuri wao, vinavyopatikana kwa kushauriana na wananchi, na visivyofanana na vya taifa. Je, watoto wako wanaijua nembo hiyo? Wewe ulishauriwa?

Halafu mtoto achore yake: ya familia, ya jengo au ya darasa. Mwambie asiweke zaidi ya vitu vitatu, na kila kitu awe na sababu yake. Mchoro ukiwa umepindapinda, uache upinde. Tahadhari moja tu: bendera na nembo ya Jamhuri zinalindwa na sheria, na haziruhusiwi kutumiwa kwa biashara bila idhini. Za kwao wenyewe wazichore watakavyo.

Picha yangu ya shilingi hamsini bado iko nyumbani, nyuma ya kabati. Mchoro wa benchi ndio ulio ukutani, na mgeni akija mpwa wangu humweleza hata asipoulizwa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Mimi nimeongeza kwamba kumnunulia mtoto jibu ni kumnyima swali.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.