Reale za mtandaoni na mahari ya binti wa Embu



Barua ya wiki hii imetoka Embu, kwa mama mwenye asili ya Mombasa aliyeolewa huko zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Binti yake ameolewa karibuni na kijana wa Meru, na katika mahari palitajwa reale 4 za fedha, kwa kuwa nyanya yake binti alipoolewa alipewa reale, na jamaa walipenda ada hiyo isipotee. Kijana alizitafuta mtandaoni, akaona picha nzuri, akatuma pesa kwa simu, na baada ya siku chache kifurushi kikamfikia kwa basi. Haukupita muda, weupe ukaanza kubanduka na wekundu wa shaba ukatokeza ukingoni. Sasa upande wa mke wanasema kijana ni mlaghai, upande wa mume wanasema wametukanwa. Mama anauliza mambo mawili: je, ndoa ipo? Na reale ya kweli hujulikanaje?

Nianze na la ndoa, maana ndilo linalomnyima usingizi. Ndoa ipo, na ni sahihi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kasoro ya mahari haivunji nikaha. Linalotazamwa ni namna mahari ilivyotajwa. Ikiwa walii alisema "kwa reale 4 za fedha" bila kuonyesha zipi, basi hilo ni deni lililo katika dhima ya mume: zile alizotoa zirudishwe, naye bado anadaiwa 4 za fedha ya kweli. Ama ikiwa sarafu zenyewe ziliwekwa mbele ya mashahidi na nikaha ikafungwa kwa "hizi", kisha ikabainika kuwa si fedha, mke anastahiki mahari ya mfano, yaani kadiri wanayopewa wanawake wa ukoo wake walio kama yeye. Wakikhitilafiana juu ya lililosemwa siku ile, wamwendee Kadhi. Na mke akiamua kusamehe kwa ridhaa yake, bila kushurutishwa na baba wala shangazi, mali ni yake na msamaha ni wake.

Kumwita kijana mlaghai ni jambo zito. Aliyenunua akidhani ni fedha naye ameibiwa, na anayemtuhumu ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Nawaomba wazee wa pande zote mbili wamkabili muuzaji kabla ya kukabiliana wao kwa wao.

Sasa tuingie katika sarafu yenyewe. Reale waliyoijua wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja ni ile yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Yemen, Oman, Uhabeshi na pwani yetu waliiamini mno, hata wakawa hawataki sarafu yenye tarehe nyingine. Kwa hiyo baada ya kufa kwake iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile ya 1780: Vienna, na katika karne ya 20 hata Roma, London, Paris, Bombay na Birmingham. Hapa ndipo muuzaji wa mtandaoni anapopata mlango wa kwanza wa kughushi maneno kabla ya kughushi madini. Akikwambia "ina umri wa miaka mia mbili na zaidi, tazama tarehe", tarehe hiyo haithibitishi lolote. Sarafu iliyopigwa Birmingham mwaka 1950 nayo imeandikwa 1780, na ni fedha halali kabisa, ila haistahiki bei ya kitu cha kale.

Reale ya kweli ina uzito wa gramu 28 na nukta kidogo, na ndani yake sehemu 833 kwa 1,000 ni fedha, iliyobaki ni shaba. Maana yake ina fedha safi ya gramu 23 na ushei. Muulize sonara bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo, uzidishe. Anayekuuzia chini ya hapo ama anakugawia mali yake, ama anakuuzia kisichokuwa fedha, na mimi sijakutana na wengi wa namna ya kwanza.

Kisha tazama ukingo. Reale imeandikwa ukingoni maneno ya Kilatini yenye maana ya uadilifu na upole, kwa herufi zilizoinuka na kusomeka. Iliyomiminwa katika kalibu ya mchanga huwa na herufi zilizofifia, au vijitundu vidogo usoni, au mstari wa kiungo. Sumaku nayo isiivute. Ila sumaku peke yake haitoshi, kwani shaba haivutwi pia.

Kipimo ninachokipenda ni cha maji, na kinafanyika jikoni. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya kielektroniki, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ifunge reale kwa uzi mwembamba uizamishe majini bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha karibu gramu 2 na robo tatu. Ikionyesha gramu 3 na zaidi ilhali uzito wake mkavu ni 28, ndani si fedha hiyo. Kwa sarafu iliyotiwa pete ya kidani, au iliyoungwa pini nyuma ikawa bizimu ya mtandio, hesabu hubadilika kwa sababu ya kile kilichoongezwa; hiyo mpelekee sonara.

Lakini vipimo vyote hivi vinahitaji sarafu iwe mkononi, na mnunuzi wa Meru au Embu ana picha tu. Hapa nataka wasomaji wanisikilize vizuri. Fedha na dhahabu zina hukumu yake katika biashara. Katika Hadithi ya Ubada bin Samit iliyopokewa na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameshurutisha kwamba aina zikitofautiana, watu wauziane watakavyo maadamu ni mkono kwa mkono. Na wanavyuoni wengi wa zama hizi wamezipa noti zetu hukumu ya naqdi, hivyo shilingi kwa fedha ni lazima mkabidhiane katika kikao kimoja. Wapo waliolegeza katika mapambo yaliyofanyiwa kazi. Reale ni sarafu, na mimi siioni nafasi hiyo kwake. Kutuma pesa leo na kungojea kifurushi Alhamisi ni muamala usiosihi.

Vijana hulalamika kwamba sharti hili limepitwa na wakati. Mimi naona kijana wetu wa Meru angelifuata, asingeibiwa. Njia ipo, nayo ni uwakala. Ni familia gani ya Kiswahili iliyoko Meru au Embu isiyo na mjomba, shangazi au mtoto wa mama mdogo Mombasa? Mtumie yeye pesa. Akutane na muuzaji dukani kwa sonara, aipime, auone ukingo, aizamishe, kisha alipe na kupokea hapo hapo. Mkono wa wakala ni mkono wako. Baada ya hapo ndipo sarafu ipande basi la Nairobi na kuendelea hadi Embu. Muuzaji akikataa kukutana na wakala, akisema yuko safarini, au akitaka amana kwanza "kwa sababu wateja ni wengi", mwache na sarafu yake.

Kwa aliyekwisha kununua: fiqhi inampa hiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, lakini asikawie akishaijua. Hifadhi picha za tangazo, ujumbe wa malipo na namba ya muuzaji kabla hajafuta ukurasa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamlinda pia anayenunua kwa intaneti, na kutoa taarifa polisi ni haki yako.

Mama ameuliza mwishoni kama wanaweza kuziuza zile 4 ili kupunguza hasara. Wanaweza, kwa sharti la kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba ni shaba iliyopakwa, na kwa bei ya shaba. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini, alimtaka mwenye nalo auweke juu watu wauone. Nami ningependelea zitobolewe tundu kubwa katikati kabla ya kutoka nyumbani, zisije zikarudi mtandaoni zikamfikia binti mwingine.

Wallahu aalam.