Mahali pa Banda la Kuku Pachaguliwe Kabla ya Kununua Mabati

Wafugaji wengi wa Migori na Homa Bay wakitaka kujenga banda la kuku, jambo la kwanza wanalouliza ni bei ya mabati. La pili ni bei ya wavu. Mahali pa kujenga hawaulizi, maana mahali pamekwisha kupatikana: ni ile sehemu ya boma isiyofaa kwa kitu kingine chochote. Ni pale nyuma ya jiko maji yanapotuama, au kando ya choo, au palipokuwa na lundo la samadi. Kisha mvua za masika huja, vifaranga huanza kusinzia na kuhara damu, na baada ya juma moja au mawili nusu yao wamekufa. Mwenye kuku husema ni bahati mbaya. Jirani husema ni jicho la mtu. Mimi nasema, tazameni sakafu.

Ugonjwa huu wa kuhara damu huitwa koksidiosisi, nao huletwa na vijidudu vidogo sana vinavyokaa ndani ya matumbo ya kuku. Kuku mkubwa aweza kuwa navyo bila kuonekana mgonjwa. Hutoka katika kinyesi chake kama vijiyai, na vijiyai hivyo haviwezi kumdhuru kifaranga mpaka vipate joto na unyevu kwa muda wa siku moja au mbili hivi. Joto tunalo mwaka mzima. Unyevu ndio tunaouleta wenyewe tunapojenga bondeni. Sakafu ikiwa kavu vijiyai vingi hufa kabla ya kukomaa. Ikiwa mbichi, kila kifaranga anapodonoa chini humeza ugonjwa. Dawa zipo katika maduka ya mifugo, nazo husaidia zikitolewa mapema, lakini mtu anayenunua dawa kila masika na kuwarudisha vifaranga juu ya sakafu ile ile yenye maji, anamtajirisha mwenye duka tu.

Wala jambo hili si dogo. Katika sehemu zetu ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya mwenye boma, lakini kuku kwa kawaida ni wa mama. Ndiyo benki yake. Kalamu na daftari, sare ya shule, nauli ya kwenda hospitali, kitoweo cha mgeni aliyefika bila kutoa habari, vyote hutoka katika kuku. Vifaranga kumi wakifa mwezi wa Aprili, kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Basi mahali pazuri ni wapi? Hapahitaji kipimo cha mtaalamu. Subiri siku ya mvua kubwa, uvae gamba lako au ujifunike gunia, usimame uani. Tazama maji yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanakaa wapi. Mvua ikiisha, rudi baada ya saa moja. Pale palipokwisha kukauka juu, ndipo pa banda. Ikiwa ni kiangazi na huna mvua ya kungojea, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, ulijaze maji jioni, ukalitazame asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, usijenge hapo, au ukijenga, jenga juu ya nguzo kama nitakavyoeleza.

Udongo wetu haufanani. Huko Rongo, Awendo na Kuria, penye ardhi ya juu na udongo mwekundu, maji hunywewa upesi. Lakini katika bonde la Lambwe, sehemu za Ndhiwa na Karachuonyo, na nyanda za chini za Nyatike, kuna udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua. Udongo huu hautaki mchezo. Nimeona watu wakimwaga saruji juu yake moja kwa moja, wakijivunia sakafu ya kisasa, na baada ya masika mawili sakafu imepasuka vipande kama chungu kilichoanguka. Nyufa zile zikawa nyumba ya viroboto na utitiri, na mifagio haifiki ndani yake.

Walio karibu na ziwa wana jambo jingine la kukumbuka. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kufika mwaka 1964, na wazee wa pwani walisimulia habari zake miaka mingi. Vijana walidhani ni hadithi. Mwaka 2020 ziwa likapanda tena mpaka kufikia alama ile ile ya 1964, na watu wa pwani ya Homa Bay na Migori wakahama nyumba zao. Mto Kuja nao, unaoshuka kutoka vilima vya Kisii na kupokea Mto Migori, humwaga maji mara kwa mara huko Nyatike. Maji yaliyofika mahali mara moja yanaijua njia. Waulizeni wazee kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo.

Kuhusu jua na upepo, mambo ni mepesi. Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu juu ya vichwa vyetu. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua kali la alasiri ligonge upande mfupi tu, na pande ndefu zenye wavu zitazame kaskazini na kusini. Acheni nafasi ndogo upande wa mashariki jua la asubuhi liingie kukausha sakafu. Upepo mtaujua kwa kutazama moshi wa jiko: mahali moshi unapoelekea alasiri, huko ndiko banda likae, ili harufu isirudi nyumbani. Paa litokeze futi 2 au 3 nje ya ukuta, maana mvua zetu za jioni huja na upepo wa kuzirusha ubavuni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baadhi ya waume hawatalipenda. Banda nyingi hujengwa karibu na lango la boma, upande wa barabara, ili wapitao wazione. Hapo ni mahali pabaya mara mbili. Kwanza, barabarani ndipo wachuuzi hupita na kuku waliofungwa miguu juu ya baiskeli na bodaboda wakienda sokoni, na ugonjwa wa kideri husafiri pamoja nao, kwa manyoya, kwa kinyesi na kwa viatu vya mnunuzi anayekuja kupapasa vifua vya kuku wako. Pili, mwenye kuwalisha hawaoni. Banda lapasa kuwa mahali ambapo mama akisimama mlangoni pa jiko lake alione, asikie kuku wakipiga kelele mwewe anaposhuka au kenge anapotoka majanini. Kama boma lina nyumba mbili au tatu, kila mama na banda lake. Achague yeye anayeamka kufungua mlango asubuhi. Mume achimbe mashimo.

Ghala la nafaka lisiwe jirani, kwa sababu ya panya, na panya huwavuta nyoka. Mti wa kivuli ni mzuri, lakini usiwe juu ya paa kabisa: ndege wa mwitu hulala humo na kudondosha kinyesi, na matone huendelea hata mvua ikiisha kunyesha.

Turudi kwenye sakafu. Kwa maoni yangu, mtu mwenye kuku 20 wa kienyeji wanaotembea mchana hana haja ya saruji. Kuku 20 wa namna hiyo yatosha kuwapa futi za mraba 40 hivi za kulala, yaani chumba cha futi 5 kwa 8. Penye udongo mwekundu, inua sakafu futi 1 kupita ardhi iliyo nje, kwa mawe chini na changarawe juu, kisha udongo wa kichuguu uliolowanishwa kidogo na kushindiliwa mpaka ulie kama ngoma. Chimba mtaro kuzunguka nje. Sakafu ya namna hii gharama yake ni jasho. Mwenye kuku wa mayai 200 ndiye namshauri aweke saruji, maana yeye huosha na kunyunyiza dawa kila kundi linapotoka.

Penye udongo mweusi, msishindane na ardhi. Jengeni juu ya nguzo, futi 3 kutoka chini, na sakafu ya fito au mbao nyembamba zilizoachana upana wa kidole, ili kinyesi kianguke chini na kuzolewa kwa ajili ya bustani. Vifaranga wadogo watandikiwe gunia mpaka miguu ikomae. Nguzo zipakwe oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa, ambao katika sehemu zetu hawana huruma, na kila nguzo ivishwe kipande cha bati laini kuzuia panya na nyoka wasipande.

Sakafu ya chini itandazwe matandazo makavu, unene wa inchi 4 kwenda juu. Makapi ya miwa, maganda ya mpunga, maganda ya njugu karanga, yote yafaa, na mengi hutupwa au kuchomwa bure. Sharti ni moja: yawe makavu na yasiwe na kuvu, kwa maana kuvu huua mapafu ya vifaranga. Yageuzeni kila juma. Chukua konzi moja uifinye: ikishikamana kama ugali, ondoa sehemu hiyo uweke nyingine. Ukiinama na macho yakakuwasha kwa harufu, kuku amekuwa akiumia siku nyingi kabla yako.

Na ninyi wa Macalder na sehemu nyingine za migodi ya dhahabu, msiokote mchanga uliosagwa na kuoshwa dhahabu kwa ajili ya sakafu, hata kama ni laini na uko karibu. Mchanga ule una zebaki na sumu nyingine za madini. Kuku hudonoa kila kitu, na yai lake huliwa na mtoto.

Nina neno la mwisho kwa wakubwa wa miradi na kamati za vikundi. Mara nyingi vifaranga hugawanywa kwanza, picha zikapigwa, na banda likajengwa baadaye kwa haraka popote palipo wazi. Ningependa kinyume chake. Kikundi kinachotazamia vifaranga mwezi wa Machi kitembelewe na Bwana Mifugo, au Bibi Mifugo, mwezi wa Januari. Avue kiatu akanyage sakafu kwa mguu mtupu. Ikiwa baridi na mbichi, vifaranga wa kikundi hicho wangoje.